Nguchiro na Kura Zilizotupwa

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walipokuwa wakilipa kodi na kupanga foleni kama sisi, palikuwa na jiji kubwa lililoitwa Msongamano. Jiji hilo lilikuwa bondeni. Lilijaa panya, kindi, kanga, digidigi, kwale na pelele, wamebanana kama punje za hindi kwenye gunzi, na kila mmoja alikuwa na haraka zake.

Meya wa jiji alikuwa Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua: mwili mwembamba, miguu mifupi, pua haitulii. Ukisema "yule pale," yeye keshafika kule. Alikuwa ameshika umeya miaka sita. Katika miaka hiyo alizibua mitaro, akafukia mashimo ya barabarani, akawazoesha fisi wa sokoni kuzoa taka badala ya kuzilalia. Jambo moja tu lilimshinda, nalo lilikuwa maji.

Maji ya Msongamano yalitoka mlimani. Huko juu palikuwa na bwawa, bwawa lilikuwa na lango, na lango lilikuwa na ufunguo. Ufunguo huo aliuvaa shingoni Mkuu wa Jimbo. Mkuu wa Jimbo akifungua lango, jiji linakunywa. Asipofungua, jiji linameza mate.

Mkuu wa Jimbo wakati huo alikuwa Mzee Nyati. Alitakiwa kufungua lango kila siku. Alifungua kila alipokumbuka, na uzeeni hakuwa anakumbuka sana.

Asubuhi moja Bi Nguchiro alipita kwenye bomba la mtaa wa Makopo. Foleni ilianzia bombani, ikazunguka soko, ikarudi tena bombani, hata hapakujulikana nani wa kwanza na nani wa mwisho. Bi Digidigi, mjamzito wa miezi yote, alikuwa amesimama na ndoo yake tangu alfajiri. Zamu yake ilipofika, bomba lilikohoa: kho, kho, kho. Likatoa tone moja. Likanyamaza.

Bi Digidigi akaanguka, pu.

Wakampepea, wakamketisha kivulini. Bibi mmoja wa kipelele akamgeukia meya akamwambia kwa upole, "Meya, sisi hatukulaumu. Tunajua ufunguo hauko kwako. Lakini mtoto huyu akizaliwa leo, tumwogeshe kwa maji gani?"

Bi Nguchiro aliitazama ndoo ya Bi Digidigi. Angetukanwa, angejua la kusema, kwa kuwa meya yeyote anajua kutukanwa. Upole ule ndio uliomchoma. Akarudi ofisini kimya, naye hakuwa na desturi ya kutembea kimya.

Siku chache baadaye ikaja habari kwamba Mzee Nyati anastaafu. Alisema magoti yake yamechoka kubeba heshima. Kiti cha Mkuu wa Jimbo kikawa wazi.

Bi Nguchiro akamwita naibu wake, Bi Kanga, akamwambia alete kitabu cha sheria za jimbo. Kilikuwa kitabu chembamba, maana wakubwa hawapendi kusoma. Sheria ya kumchagua Mkuu ilichukua nusu ukurasa. Ilisema hivi: Mkuu wa Jimbo atachaguliwa na Baraza la Wazito. Mlangoni mwa Baraza kuna mizani, na asiyefika tani moja haingii kupiga kura. Kila mjumbe atapiga kura moja, ataipiga kwa siri, wala hatajipigia mwenyewe. Mwenye kura nyingi ndiye Mkuu.

Wajumbe wa Baraza walikuwa watatu: Mzee Kifaru, Mzee Kiboko na Mzee Tembo. Na wote watatu walikitaka kiti.

Bi Nguchiro aliisoma sheria mara tatu. Kisha akageuza ukurasa kutazama kama nyuma pameandikwa kitu.

"Bi Kanga," akasema, "hapa wanasema mpiga kura awe mzito. Hawasemi mpigiwa kura awe mzito."

"Hawakusema kwa sababu hakuna aliyefikiria," akajibu Bi Kanga.

"Basi mimi nimefikiria."

Bi Kanga akaketi. Alikuwa mtu wa tahadhari; hata kuvuka barabara iliyo tupu alikuwa akiangalia huku na huku mara nne. "Dada, sheria ya jiji unaijua. Meya akitaka kugombea ukuu wa jimbo lazima auache umeya kwanza. Ukishindwa huko, hurudi huku. Utakuwa nani?"

"Nitakuwa nguchiro. Nitafukua mende kama walivyofukua babu zangu."

"Na kura utapata wapi? Wapiga kura ni watatu, na wote wanagombea."

Bi Nguchiro alivua mkufu wa umeya akamvika Bi Kanga. Mkufu ulimfika Bi Kanga miguuni, akawa kama kuku aliyefungwa kamba. Bi Nguchiro akajipapasa shingo. Ilikuwa nyepesi ghafla, na wepesi ule haukumpendeza hata kidogo.

Kesho yake alipanda mlimani kuandikisha jina. Karani wa Baraza alikuwa Bwana Konokono, ambaye kwa kikao cha Jumatano huondoka kwake Jumapili. Alikuwa karani mwaminifu kuliko wote. Hata angetaka kukimbia na siri, angekimbilia wapi? Aliandika jina la Bi Nguchiro kwa ute wake, herufi moja baada ya nyingine, mpaka jua likahama.

Wazito walipolisikia jina hilo, Kifaru aliuliza, "Nani?" Tembo alitabasamu kwa adabu. Kiboko alicheka mpaka ndege wawili wakadondoka mgongoni mwake.

"Mwacheni," akasema Kiboko akijifuta machozi. "Wagombea wakiwa watatu, na wapiga kura ndio haohao watatu, watu watasema tunajichagua. Akiwemo huyu, utaonekana uchaguzi."

Basi akawemo.

Sasa, wasikilizaji wangu, kuna jambo ambalo wazito wale walidhani halijulikani. Kila mmoja alikuwa amekwenda kwa mwenzake kwa siri kuomba kura. Kiboko alimwomba Kifaru, na Kifaru akaahidi. Tembo alimwomba Kiboko, na Kiboko akaahidi. Kifaru alimwomba Tembo, na Tembo akaahidi. Kila mmoja alikuwa na ahadi moja aliyopewa na ahadi moja aliyotoa, na kila mmoja aliamini ni yeye peke yake mwenye akili ya kufanya hivyo.

Bi Nguchiro alijuaje? Wale ndege wanaodonoa kupe migongoni mwa wazito makazi yao ni mjini. Jioni hushuka, hula, na huzungumza. Mzito hana siri mbele ya mgongo wake.

Siku ya kwanza Bi Nguchiro alimwendea Kifaru. Alimkuta kwenye kichaka chake cha miba, akinoa pembe kwenye jiwe: kwaru, kwaru, kwaru.

"Nani hapo?" akauliza Kifaru, maana macho yake hayavuki hatua tano. "Sema kabla sijakukanyaga."

"Shikamoo, Mzee Kifaru. Ni mimi, Nguchiro wa mjini."

"Marahaba. Sikuoni."

"Wengi hawanioni, Mzee. Nimezoea."

Kifaru akakoroma puani. "Umekuja kuomba kura. Siwezi kukupa. Nimeshampa Kiboko neno langu."

"Vizuri, Mzee. Neno ni neno. Mimi nilikuwa na swali tu. Wewe unataka nani awe Mkuu?"

"Mimi."

"Na kura yako unampa nani?"

"Kiboko," akasema Kifaru. Kisha akaacha kunoa pembe. Palipita muda mrefu, na panzi watatu wakaruka.

"Sheria inanikataza kujipigia," akasema hatimaye.

"Inakukataza, Mzee."

"Na lazima nipige."

"Lazima."

"Basi yeyote nitakayempigia nitakuwa nimemwongezea mwenzangu nguvu za kunishinda mimi mwenyewe."

Bi Nguchiro akajikuna sikio. "Labda kama ungeweza kuitupa."

"Kura inatupwaje?"

"Anapewa mtu asiyeweza kushinda."

Kifaru akafikiri. Kufikiri kwake kulionekana: pembe ilitetemeka na ardhi ikatetemeka kidogo. "Nani asiyeweza kushinda?" akauliza.

Bi Nguchiro alisubiri. Alitazama angani, akatazama kucha zake, akang'oa mwiba mmoja uliokuwa mkiani.

"Wewe una uzito gani?" akauliza Kifaru.

"Ratili tatu, Mzee, nikiwa nimeshiba."

"Hutashinda."

"Wote wanasema hivyo."

"Basi naitupia kwako. Usimwambie Kiboko."

"Sitamwambia, Mzee. Nashukuru. Miaka sita nilikuwa meya. Kuokota vilivyotupwa ndiyo kazi niliyoijua."

Siku ya pili alikwenda bwawani kwa Kiboko. Palikuwa pazuri mno. Maji yalikuwa mengi, safi, yamejaa mpaka ukingoni, na juu yake yalionekana masikio mawili na matundu mawili ya pua.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Blub," likasema bwawa. Kisha kichwa kikaibuka nusu. "Wewe ni nani vile?"

"Nguchiro. Mgombea."

"Ah, wewe. Siku ile nilicheka hata nikasahau nilichokuwa nikicheka. Kwani unagombea kwa nini hasa?"

"Kwa ajili ya maji, Mzee. Mjini hakuna. Juzi mama mjamzito alianguka kwenye foleni."

"Aliinuka?"

"Aliinuka."

"Basi amepona," akasema Kiboko. Akafumba macho, akajigeuza upande wa pili polepole, na wimbi likamwagika nje ya bwawa likapotelea mchangani. Maji yale yaliyomwagika yangewatosha watu wa mtaa wa Makopo kwa siku mbili.

Bi Nguchiro aliyatazama yakizama. Manyoya ya mgongo wake yalisimama yote. Kwa kitambo kidogo alitaka kumwambia Kiboko mambo yote anayoyafikiri juu yake, kwa sauti, na kwa majina. Akameza. Mdomo wake ulikuwa mkavu, na hata kumeza kulimpa kazi.

"Mzee," akasema, "umejipangaje na kura yako?"

"Nimemwahidi Tembo," akasema Kiboko bila kufumbua macho. "Lakini tangu jana nahesabu, na hesabu hainipendezi. Kuna mtu ameniahidi kura. Nina moja. Nikimpa Tembo moja, naye ana moja. Tunalingana. Tukilingana patakuwa na kikao kingine, na kwenda kikaoni lazima nitoke majini. Wewe unajua jua la mchana linavyoichoma ngozi yangu?"

"Nasikia linachoma sana."

"Linachoma. Sasa kama ningempa mwingine asiye na lolote, Tembo hana kitu, mimi nina moja yangu, kwisha kazi. Nani mwingine yuko kwenye orodha?"

"Nimo mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Kiboko akapiga mwayo, na mtu angeweza kuegesha mkokoteni humo kinywani. "Haya, utakuwa wewe. Ila usije ukaona umepata. Hiyo ni kura nimeitupa."

"Nimeelewa, Mzee. Nitaiokota kama ilivyotupwa."

Siku ya tatu ilikuwa ya Tembo, na njiani Bi Nguchiro alitembea polepole. Aliwaelewa Kifaru na Kiboko. Lakini hakumwelewa Tembo. Tembo alikuwa mpole, msafi, anasalimia watu wote kwa majina, na sifa yake jimbo zima ni kwamba hajawahi kuvunja ahadi. Akishikilia neno lake safari hii, Kifaru angepata kura moja na Bi Nguchiro angepata mbili, na bado angeshinda. Lakini Tembo, akiwa na mikono safi, angesimama mbele ya watu na kudai kura aliyoahidiwa na Kiboko. Kiti kingenyang'anywa kabla hajakikalia. Hapana. Alihitaji wote watatu au hakuwa na kitu.

Alimkuta Tembo akijimwagia vumbi mgongoni, fuu, fuu.

"Karibu, Bi Nguchiro. Mama yako hajambo? Ule mguu wake uliovunjika mwaka wa mafuriko ulipona?"

"Ulipona, Mzee. Ajabu unakumbuka."

"Mimi sisahau. Nakuambia mapema usijisumbue. Kura yangu nimempa Kifaru. Nilimpa neno."

"Sikuja kuliomba neno lako, Mzee. Nimekuja kusikiliza." Bi Nguchiro akaketi juu ya kisiki. "Mjini tunabishana juu ya mwaka wa ukame mkubwa. Wengine wanasema wanyama wote walisaidiana. Nikasema nitakuja kumuuliza mwenye kukumbuka."

Tembo akasimamisha mkonga. "Walisaidiana?" akasema taratibu. "Nani anasema?"

"Ni maneno ya mitaani."

"Mwaka ule kilibaki kidimbwi kimoja tu, chini ya mawe meupe. Dada yangu alifika pale Alhamisi, mchana, hajanywa siku nne. Unajua alimkuta nani?"

"Sijui, Mzee."

"Alimkuta Kifaru. Kifaru alisema hamwoni. Akamfukuza kwa pembe mara tatu. Mara ya tatu alimchana sikio la kushoto. Baadaye akasema alidhani ni mti." Tembo alivuta pumzi ndefu. "Mti unaolia."

Tembo akaendelea. Alikumbuka shamba la mianzi. Alikumbuka arusi ambayo Kifaru hakualikwa akaja, na arusi aliyoalikwa asije. Alikumbuka neno lililosemwa miaka kumi na tisa iliyopita kuhusu ukubwa wa masikio. Kadiri alivyokumbuka, sauti yake ilizidi kuwa ya upole, na kadiri ilivyozidi upole ndivyo ndege walivyozidi kuhama mti ule.

"Mtu huyu," akasema Tembo mwishowe, "ndiye ninayetaka kumpa ufunguo wa maji?"

"Ndivyo ulivyomwahidi, Mzee," akasema Bi Nguchiro.

"Usinikumbushe nilichoahidi. Nakikumbuka." Akapigapiga mguu chini: ti, ti, ti. "Kiboko hafai, atalala. Kifaru nimeshasema. Mimi siruhusiwi kujipigia." Akainamisha kichwa mpaka jicho lake moja likawa usawa wa uso wa Bi Nguchiro. Jicho lile lilikuwa kubwa kuliko kichwa chake. "Umekuja hapa kuniuliza habari za ukame, siyo?"

"Nimekuja kusikiliza, na nimesikiliza."

Jicho likamtazama. Pua ya Bi Nguchiro, kwa mara ya kwanza maishani, ilitulia.

"Kura yangu haitakusaidia," akasema Tembo. "Ni moja tu. Nakupa ili isiende kwingine. Na Kifaru asijue kamwe. Sifa yangu unaijua."

"Kinywani mwangu neno hilo halitatoka, Mzee."

Jumatano ikafika. Wanyama wa mjini walipanda mlimani wakasimama nje ya uzio, Bi Kanga mbele yao, ameukunja mkufu mara tatu ili usimkwaze. Wazito walipita kwenye mizani mmoja mmoja: ngaa, ngaa, ngaa. Bi Nguchiro naye akapanda mizani kwa adabu. Mshale haukusogea. Akaambiwa aketi pembeni, juu ya chungu kilichopinduliwa.

Wazito walisalimiana kwa furaha kubwa. Kifaru akamnong'oneza Kiboko, "Mambo ni yaleyale." Kiboko akamnong'oneza Tembo, "Kama tulivyosema." Tembo akamwinamia Kifaru, "Neno langu unalijua." Wote wakatabasamu. Ulikuwa mkutano wenye upendo mwingi.

Kisha kila mmoja akaenda kwenye meza ya Bwana Konokono na kumnong'oneza jina. Kifaru alinong'ona mpaka meza ikasogea. Kiboko alimlowanisha. Tembo alinong'ona vizuri, ila pumzi yake ilimpeperusha karani mpaka ukingoni mwa meza, ikabidi asubiriwe arudi.

Bwana Konokono akaanza kuandika. Watu wakasimama. Watu wakakaa. Watu wengine wakaenda kula, wakarudi. Bi Nguchiro alibaki juu ya chungu, mkia ameuzungushia miguu, akifikiria mende. Alijiuliza kama bado anajua kuwafukua. Alijiuliza bibi wa kipelele atamwambia nini, na kama atamwambia kwa upole tena.

"Kura ya kwanza," akasema Bwana Konokono. Akapumzika. "Nguchiro."

Kicheko kikapita nje ya uzio. Kifaru alitazama chini, maana aliijua hiyo. Kiboko alitazama juu, maana aliijua hiyo. Tembo alitikisa masikio, maana naye aliijua. Kila mmoja akajisemea moyoni: ile yangu imesomwa, sasa zinakuja za wenzangu.

"Kura ya pili," akasema karani. Akala kipande cha jani. "Nguchiro."

Safari hii hakucheka mtu. Wazito watatu wakaacha kutabasamu, ila mmoja mmoja, kama taa zinazozimwa chumba baada ya chumba.

"Kura ya tatu." Karani akaitazama karatasi, akaizunguka, akaitazama upande wa pili. "Nguchiro."

Palikuwa kimya hata ikasikika mizani ya mlangoni ikijirudi yenyewe, ngii.

Kifaru akasimama. Uso wake uliiva. Akamgeukia Tembo. "Wewe," akasema. Akafungua kinywa aendelee. Kando yake Kiboko naye alikuwa amesimama, anamtazama yeye Kifaru, na kinywa chake pia kiko wazi. Na Tembo alikuwa anamtazama Kiboko.

Kifaru akakumbuka alichomwahidi Kiboko. Akafunga kinywa.

Kiboko akakumbuka alichomwahidi Tembo. Akafunga kinywa, ingawa kwake ilichukua muda zaidi.

"Pamekosewa," akasema Tembo kwa sauti ya upole wote. "Karani hakusikia vizuri. Turudie."

Hapo Bi Nguchiro akashuka kwenye chungu. Alitembea mpaka katikati, mdogo, mwenye vumbi, na watu wa nyuma wakasimama kwenye ncha za vidole wamwone.

"Mimi sina neno, Wazee wangu," akasema. "Turudie hata sasa hivi. Ila kwa kuwa siri imetuletea mashaka, tuirudie wazi. Kila mzee asimame mbele ya watu, aseme alimwahidi nani kura, kisha aseme alimpa nani. Mimi nitaridhika na lolote litakalotoka. Aanze Mzee Tembo, kwa kuwa yeye hasahau."

Watu wote wa Msongamano wakamgeukia Tembo.

Tembo alitazama mbali kwenye vilima. Alisafisha koo mara mbili. Hatimaye akasema, "Nikifikiri vizuri, karani wetu hajawahi kukosea."

"Hajawahi," akasema Kifaru haraka.

"Tena nimetoka majini muda mrefu," akasema Kiboko. "Naomba kikao kifungwe."

Kikafungwa.

Ufunguo ulikuwa mrefu kuliko Bi Nguchiro mwenyewe. Hakuna mzito aliyejitolea kuubeba. Bi Kanga alikuja mbio, wakaukamata wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wakauburuta mpaka bwawani, kra, kra, kra, wakisimama kupumzika kila hatua kumi. Walipoutia kwenye lango ilibidi Bi Nguchiro aukalie kwa uzito wake wote wa ratili tatu ndipo ukageuka.

Maji yakatoka. Kwanza kidogo, sss. Kisha kwa wingi, shwaaa, yakashuka bondeni, yakaingia kwenye mabomba, na mabomba yote ya Msongamano yakaanza kukohoa kwa pamoja. Mtaa wa Makopo walipiga vigelegele mpaka mlimani vikasikika.

"Kesho je?" akauliza Bi Kanga, huku anahema.

"Kesho nafungua tena," akasema Mkuu wa Jimbo. "Na keshokutwa. Wewe hakikisha mabomba hayavuji. Sasa hiyo ni kazi yako, Meya."

Jioni ile wazito watatu walisimama wakitazama bwawa likishuka kidogo, wawili ukingoni na Kiboko majini. Mgongo wa Kiboko ulikuwa umeanza kuonekana juu ya maji, na haukuwa mgongo wa kutazamika.

"Ningependa kujua," akasema Kiboko, "ni nani aliyempa kura yule."

"Si mimi," akasema Kifaru.

"Wala mimi," akasema Tembo.

"Wala mimi," akasema Kiboko.

Wakatazama maji. Jua likatua wakiwa wamesimama vivyo hivyo.

Mkiulizwa tumejifunza nini, jibuni hivi: anayemgeuka mwenzake faraghani hana mdomo wa kudai haki yake hadharani.